Sindano Yenye Tundu Mbele

Nikimsikia mtu akisema kinga ni bora kuliko tiba, hasira hunipanda, wala simwombi mtu radhi. Maneno hayo yalipita mtaani kwetu Buyenzi juu ya gari lenye kipaza sauti, wiki ile ugonjwa wa uti wa mgongo ulipoingia Bujumbura. Sisi tuliuita mugiga. Vita vilikuwa vimekwisha kula miaka kadhaa, nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, dawa haziingii, mafuta hayaingii, na mugiga nao ukaona usiachwe nyuma. Mtu alilala kichwa kinamgonga, akaamka shingo imekakamaa, na kabla ndugu zake hawajapatana nani atafute gari, amekwisha kwenda zake. Lile gari likapita polepole kati ya magereji, mafundi wakainua vichwa kutoka kwenye injini, na sauti ikasema kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili: njooni nyote mupate chanjo, kinga ni bora kuliko tiba.

Dada yangu alikuwa ameketi ubavuni kwangu barazani, anatia uzi kwenye sindano. Aliposikia neno chanjo aliiweka sindano chini, akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili, akaingia ndani na kujifungia chooni. Hakutoka mpaka alasiri, na alipotoka alikuwa ametapika.

Dada yangu alikuwa mgonjwa wa akili. Mtaani walimwita kichaa mbele ya macho yetu, na mimi niliwajibu mbele ya macho yao, nina mdomo, kila mtu Buyenzi anajua. Siku hizi watu hupenda kusema vita ndivyo vilivyomharibu. Uongo. Ugonjwa wake ulivitangulia vita. Aliolewa na muuza vipuri vya magari, akazaa mtoto aliyeishi siku chache, na baada ya hapo akaanza kusikia watu wakimwita kutoka juu ya bati. Mumewe akamrudisha kwetu na sanduku lake, akaliweka sanduku barazani, akasema ahsante, akaenda. Eti ahsante! Mpaka leo sijui alikuwa akishukuru nini.

Mama yetu alihangaika. Kwanza alimpeleka kwa shehe akasomewa, akanywa kombe, akatulia kidogo. Kisha hali ikarudi, na majirani wakamletea mama habari za mganga mmoja hodari. Mganga yule alikuja, akamtazama, akasema hapa hakuna maneno mengi, lazima achanjwe. Wakaitwa vijana wa gereji kumshika mikono na miguu. Wakamnyoa. Mganga akamkata chale kwa wembe, utosini, kwenye paji la uso na kisogoni, akasugua unga mweusi ndani ya vidonda. Dada alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na ilipokatika mdomo ukaendelea kufunguka na kufumba bila kitu kutoka. Nilikuwa mdogo, nilisimama mlangoni nikalia kwa hasira. Mama naye alilia, lakini alimshika kichwa, kwa sababu aliambiwa atapona.

Sasa tazama mambo ya Kiswahili chetu. Neno la mganga na neno la daktari ni moja. Yule anachanja kwa wembe, huyu anachanja kwa sindano, na Kirundi nacho kimelichukua lile lile, kwa hiyo ukikimbia lugha moja unakutana nalo kwenye nyingine. Mtu mzima wa akili anajua kutenganisha. Dada yangu hakutenganisha. Kwake kuchanja kulikuwa na wembe, unga mweusi na wanaume wanne juu ya mwili wake. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na yeye hakuona jani, aliitwa na kipaza sauti aende kwa nyoka.

Lakini sindano hakuiogopa. Hilo ndilo nililolijua mimi peke yangu, kwa sababu ya kazi. Nilikuwa nashona, charahani yangu ilikaa barazani, na dada ndiye aliyekuwa macho yangu. Alitia uzi, alichagua rangi, na sindano ya mashine ikivunjika yeye ndiye aliyeifungua na kuweka nyingine, upande wa bapa ukae panapotakiwa. Alijua kwamba sindano ya mkono tundu lake liko nyuma na ya charahani tundu lake liko mbele, kwenye ncha. Mizinga ilipoanza kunguruma vilimani na wateja wakakimbia hata bila kuaga, yeye alitia uzi kila sindano iliyokuwa kwenye kitakia changu, nyekundu, nyeusi, kijani, mpaka kimya kirudi. Vidonge vyake vilikuwa vimekwisha zamani, maana hospitali ya wagonjwa wa akili ilikuwa upande wa mji ambao Mswahili mwenye akili timamu hakwenda wakati ule, sembuse mgonjwa. Uzi na sindano ndivyo vilivyobaki.

Mugiga ulimchukua mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, halafu mwashi mmoja mwenye nguvu zake. Na dada yangu alikuwa mtu wa kuzunguka. Alikunywa chai kwenye kikombe cha yeyote, alikaa mlangoni mwa msikiti na wasafiri, aliwabusu watoto wa watu. Nilijua kwamba kama kuna mtu ugonjwa ule utampata, ni yeye. Nilitaka jambo moja tu duniani, aipate ile dawa mkononi mwake kabla timu haijaondoka Buyenzi.

Usidhani mtaa mzima ulikuwa unakimbilia kuchanjwa. Ulikuwa unakimbia. Wengine walisema dawa ile inafunga vizazi, wanataka Waswahili tumalizike. Wengine waliuliza tangu lini serikali imeikumbuka Buyenzi, tukiomba maji hawaji, tukiomba waondoe takataka hawaji, leo wanakuja na vitu vya bure. Bure ghali, walisema. Niligombana nao, na huku nikigombana niliwaelewa. Mjini humu ukitaka kusema fulani ni mjanja mwongo unasema huyo Mswahili. Pande zote mbili za vita zilitutazama kama watu wa kupita, ingawa babu zetu wamezikwa hapa. Mtu aliyezoea kutohesabiwa akihesabiwa ghafla anauliza kuna nini.

Mama alikuwa na hofu yake mwenyewe. Alisema dawa itaamsha kilicholala kichwani mwa mwanawe. Aliniambia amekwisha kumtesa mara moja kwa kusikiliza watu, hatamtesa mara ya pili. Nikamwahidi kwamba hatashikwa na mtu na neno lile halitatajwa. Tutasema sindano. Akakubali, shingo upande.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye uwanja wa shule, mimi na dada. Alikuja vizuri, amefunga kanga yake mpya, mkononi ameshika kigurudumu cha uzi. Nilimwambia tunakwenda kuona sindano za wauguzi. Tulipanga mstari kama watu. Basi, tulipokaribia meza, shefu wetu wa katie, yaani mkuu wa mtaa, aliyekuwa akisimamia mstari na kifimbo chake, akamwona. Akauliza huyu kichaa ameletwa wa nini. Watu wakasogea nyuma, wengine wakacheka. Nikamjibu kwamba ameletwa na kile kile kilichowaleta wengine wote. Shefu akachukia, akawageukia vijana na kupaza sauti: "Mumushike huyo, achanjwe haraka, atoke hapa!"

Neno na mikono vilimjia pamoja. Dada aliacha kanga mikononi mwa kijana mmoja, akaruka ukuta wa shule ambao mimi mwenye akili zangu nisingeuruka, akapotea. Kitu kilichobaki ni uzi mwekundu uliojikunjua uwanjani kote, watu wanaukanyaga.

Tulimtafuta mchana ule wote. Watu wa gereji walichukua baiskeli, na wengine ni wale wale waliomshika siku ya wembe, sasa ndevu zimewatoka. Walimkuta upande wa Mutakura, mahali ambapo siku zile mtu hakwenda bila sababu, ameketi chini karibu na kizuizi cha askari. Askari walisema waliamuru asimame hakusimama, na mmoja alikuwa amekwisha kuinua bunduki, mwenzake ndiye aliyeona kwamba mwanamke hana viatu na anazungumza na bati. Walimleta juu ya baiskeli. Mama alimpokea, akamwosha miguu, kisha akanigeukia mimi. Alisema, mwanangu, inatosha.

Haikutosha. Nilimeza haya yangu, nikaenda peke yangu kwa wauguzi. Kati yao alikuwapo mama mmoja wa makamo, Kiswahili chake cha kuungaunga, sura ya mtu aliyekosa usingizi. Nikamweleza yote: mganga, wembe, neno. Nikamwuliza kama ni kweli walivyosema wenzake, kwamba mgonjwa wa akili hapewi dawa ile. Alifikiri, akasema hajaona mahali palipoandikwa hivyo, ni watu kuogopa tu. Nikamwomba aje nyumbani. Akasema hapana ruhusa, sanduku la barafu halitoki mezani. Lakini siku ya mwisho, alisema, watu wakipungua, nimlete. Wanaume watakuwa mbali na yeye neno lile hatalitaja. Nilitaka kumbusu mikono.

Siku zilizobaki nilimfundisha dada barazani. Sikumdanganya tena kwamba tunakwenda kutazama. Nilimwambia kuna sindano ya dawa, inaingia mkononi, inauma kama mtu anapojichoma akishona, inatoka. Nilijichoma mbele yake kidogo, tukaitazama damu. Naye akajichoma. Alicheka, akasema mi nimejichoma mara nyingi kuliko we. Nikasema basi we ndiye fundi. Mama alitusikia kutoka ndani na hakutukataza.

Siku ya mwisho tulifika baada ya adhuhuri. Mstari ulikuwa umekwisha, shefu amekwenda kula, uwanja mtupu. Mkubwa wa ile timu, mwanamume mwenye miwani, alikuwa akipanga vitu vya kuondoka, kwa sababu gari la askari wa kuwasindikiza lilikuwa limekwisha kufika na barabara zilifungwa mapema. Yule mama muuguzi alituona, akatabasamu, akavuta kiti. Dada akaketi. Muuguzi akatoa bomba la sindano tupu, akamwekea kiganjani alitazame kwanza. Alilitazama muda mrefu, akaligeuza.

"Hii haina tundu," dada alisema. "Mutatia wapi uzi?"

Muuguzi hakuelewa, akanitazama. Mimi nikaielekeza ile ncha kwenye jua, nikamwambia dada aangalie vizuri, tundu liko kwenye ncha, dawa inatokea hapo.

Dada akakodoa macho yake yale makali. "Iko mbele," alisema. "Basi ni ya charahani."

Akakunja mkono wa gauni lake mpaka begani, akaunyoosha mkono juu ya meza, akangoja. Wallahi, dada yangu! Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona ametulia hivyo mbele ya mgeni. Mimi nilianza kulia, nikageuza uso asione.

Muuguzi akafungua sanduku la barafu, akatoa kichupa. Yule mwenye miwani akaja, akakishika. Akasema kichupa hicho bado hakijafunguliwa, kinatosha watu kumi, na kikishafunguliwa hakilali. Kwa mtu mmoja hakifunguliwi, ndiyo amri. Nikasema tuko wawili, mimi pia sijapata, nilikuwa namngojea yeye. Akasema wawili si kumi. Muuguzi akamwambia kitu kwa Kirundi, taratibu, kwa heshima. Akajibu kwamba hawezi kumwaga chupa nzima kwa ajili ya mwendawazimu, kuna wilaya zinangoja. Halafu akanitazama, labda akaona kitu usoni mwangu, akasema kama nina watu, niwalete, lakini upesi.

Nilimwambia dada asiondoke. Akasema hataondoka. Nikatoka mbio.

Sasa nisikilizeni. Niliupita mtaa nilimozaliwa, mlango kwa mlango, naomba watu waje wapate uhai wa bure, na watu wananifungia. Nilikwenda kwa jirani aliyezika mtoto, akasema aliyeandikiwa ameandikiwa. Nilikwenda gereji, wakaniuliza kama nina hakika watazaa baadaye. Mmoja akatania, akasema kama dawa imefaa wazimu basi sisi haituhusu. Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika. Muuza mikate alivua aproni yake akaja na mkewe, Mungu amlipe. Wengine wawili wakaja kwa aibu tu. Niliwaambia jamani siombi mali ya mtu, ni dada yangu amekaa pale amekunja mkono. Kuna walioinamisha vichwa. Wale wale waliopanda baiskeli kumtafuta mpaka Mutakura, wale wale, waliniambia sindano ile hapana, niwaombe kingine chochote.

Nikafika nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia sauti yangu mtaa mzima. Alivaa viatu, kimoja chake na kimoja changu, akatoka. Alikuwa akitembea mbele yangu, mama yangu aliyeapa, na alikuwa akiwaita wanawake wenzake kwa majina ya watoto wao, awaombe. Mmoja akatoka. Hatukutimia, nilijua hatukutimia, lakini nilisema moyoni tukifika tumejaa yule mwenye miwani ataona haya, atafungua.

Risasi zikaanza upande wa Gihosha, za mbali, zile za kawaida. Tukakimbia. Tulipokunja kona ya shule gari lilikuwa limekwisha kuwashwa, askari nyuma, masanduku ndani. Nilipiga ubavu wa gari kwa viganja. Yule mwenye miwani alinionyesha saa yake kupitia kioo. Mama muuguzi alikuwa kiti cha nyuma, amejifunika uso kwa koti lake jeupe. Wakaondoka. Hawakurudi Buyenzi tena kwa kazi ile.

Dada alikuwa bado kitini. Meza walikuwa wameiondoa. Mkono ulikuwa hewani, umenyooka, gauni limekunjwa mpaka begani, na alikuwa ameanza kutetemeka kwa kuchoka. Aliuliza kama tumeleta uzi. Mama akamshusha mkono wake polepole, akaketi chini kwenye vumbi akauegemeza uso wake pajani kwa mwanawe.

Siku zilizofuata dada aliniuliza kila asubuhi kama ni leo. Nilimwambia kesho. Nilikwenda kwenye zahanati, nikaambiwa dawa ya kampeni imeondoka na kampeni. Nilikwenda mpaka ofisi ya zone, inayosimamia mitaa yetu, nikamkuta shefu, akanikumbusha kwamba siku ya kwanza nafasi tulipewa tukaikimbia. Asiyekuwepo na lake halipo, alisema. Sikumpiga, na mpaka leo najuta.

Mugiga ulimpata dada mwishoni mwa jua kali, kabla ya mvua. Asubuhi alishindwa kuona tundu la sindano, yeye, na nikajua hata kabla sijamgusa paji la uso. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Watu wa gereji walileta gari lisilo na milango, wakamlaza nyuma, na yule aliyenitania ndiye aliyeendesha, analia.

Hospitalini wagonjwa walikuwa wamelala mpaka ukumbini. Daktari kijana akaja, akasema lazima achote maji ya uti wa mgongo kwanza ndipo ajue dawa gani, kama dawa ipo. Akawaita wasaidizi wawili wamlaze ubavu na kumkunja, wamshike. Nikawaambia wasimguse. Nadhani nilipiga kelele. Daktari akashika sindano ndefu, na dada akafumbua macho akaiona.

"Tundu iko mbele?" aliuliza.

"Iko mbele, dada," nilisema.

Akanitazama kama mtu aliyengoja sana na hatimaye ameitwa. Kwa vidole vilivyokuwa havishiki tena vizuri akaukunja mkono wa gauni, kidogo kidogo, mpaka begani, akaunyoosha. Daktari akasema si mkono, anataka mgongo. Dada hakumsikia. Aliendelea kuunyoosha.

Alifariki kesho yake. Tulimrudisha nyumbani kumwosha, mimi na mama na mke wa muuza mikate, na kabla hatujamwaga maji nilimkunjulia mkono wa gauni.